Muziki wa Video za Dansi na wa Gemu: Namna ya Kuuchagua, Kuuombea Ruhusa na Kuutumia

Mwanzoni mwa mwaka 2021, baada ya miezi mingi ya watu wa kila bara kujirekodi wakicheza “Jerusalema” ya Master KG na Nomcebo Zikode wa Afrika Kusini, kampuni ya Warner Music nchini Ujerumani ilianza kudai ada ya leseni kwa taasisi zilizokuwa zimeweka mtandaoni video zao za kuucheza wimbo huo. Miongoni mwa waliohusika walikuwamo polisi na zimamoto, na wizara ya mambo ya ndani ya jimbo la Nordrhein-Westfalen ililipa kwa niaba ya vikosi vyake. Video zile zilipigwa kwa nia njema, ili watu watiane moyo wakati wa korona, na hakuna aliyekata tiketi kuzitazama. Lakini taasisi inayojitangaza haihesabiwi sawa na mtu anayecheza sebuleni kwake, na tofauti hiyo ndiyo inayowaponza wengi hadi leo.

Mwongozo huu ni kwa mnenguaji, kiongozi wa kikundi cha dansi, mwenye duka anayetaka video ya kutangaza bidhaa zake, kijana anayerusha mubashara gemu anazocheza, na prodyuza anayeombwa muziki wa gemu. Wote hawa wanapaswa kujiuliza swali moja kabla ya kuwasha kamera: katika kitu hiki ninachotaka kukirusha, nani ana haki gani, na amekubali kwa maandishi?

Tambua wenye mali kabla ya kuchagua wimbo

Wimbo mmoja huwa na mali mbili zilizolala pamoja. Ya kwanza ni utunzi, yaani tuni na maneno, ambao ni mali ya mtunzi au mchapishaji aliyemkabidhi kazi yake. Ya pili ni rekodi, yaani sauti iliyonaswa studio siku fulani na waimbaji fulani, ambayo mara nyingi ni mali ya lebo au ya yule aliyegharamia studio. Sheria nyingi huiweka haki ya rekodi na ya waimbaji pembeni kidogo ya haki ya mtunzi, na ndiyo maana sheria ya Tanzania ya mwaka 1999 inaitwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki. Ukipata ruhusa ya mmoja bila ya mwingine, umepata nusu tu.

Mfano mzuri kuliko yote, kwa msomaji wa Kiswahili, unatoka ndani ya gemu. “Baba Yetu” ilitungwa na Christopher Tin kuwa muziki wa ufunguzi wa Civilization IV, gemu iliyotoka mwaka 2005, na mwaka 2011 ikawa kazi ya kwanza ya muziki wa gemu kushinda Grammy. Maneno yake ni Sala ya Bwana, na hakuna mtu anayeweza kuimiliki sala ambayo makanisa yamekuwa yakiisali kwa karne nyingi. Hata hivyo tuni na mpangilio wa sauti ni kazi ya Tin, kwa hiyo kwaya ya parokia inayotaka kuuimba wimbo huo katika video ya kuuza bado inahitaji ruhusa ya utunzi, ingawa haitumii sauti ya mtu mwingine yeyote. Halafu kuna rekodi mbili zinazojulikana sana: ile ya ndani ya gemu, iliyoimbwa na kikundi cha Talisman cha Chuo Kikuu cha Stanford, na ile ya albamu “Calling All Dawns” ya mwaka 2009, iliyoimbwa na Soweto Gospel Choir. Kikundi cha dansi kinachotaka kuchezea rekodi hizo lazima kwanza kijue ni ipi kinayoitaka, kwa sababu wenye sauti si wale wale.

Juu ya mali hizo mbili huongezeka ya tatu ikiwa ndani ya wimbo mna sampo, yaani kipande cha sauti kilichochukuliwa kutoka kazi nyingine. “Harlem Shake” ya Baauer ilitoka mwaka 2012, na Februari 2013 ikapanda hadi kileleni mwa chati ya Marekani kwa nguvu ya video za nusu dakika, ambamo mtu mmoja hucheza peke yake kwanza, kisha mdundo ukishuka chumba kizima kinaruka. Baada ya mafanikio hayo, wasanii wawili waliosikia sauti zao ndani ya wimbo walijitokeza kudai, kwa kuwa sampo hazikuwa zimeombewa ruhusa. Kwa prodyuza wa kwetu anayechukua kipande cha taarabu au cha dansi la zamani akidhani wenyewe wamekwisha kusahaulika, huo ni mfano wa kuzingatia kwa makini. Mkataba wa Berne, yaani mkataba wa kimataifa wa hakimiliki ambao Kenya na Tanzania zote ni wanachama, unataka utunzi ulindwe kwa angalau miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi, kwa hiyo nyimbo nyingi tunazoziita za kale bado zina wenyewe, na warithi wao wako hai mitaani kwetu.

Angalia akaunti yako ni ya aina gani

Watu wengi hudhani kwamba wimbo ukiwemo katika maktaba ya TikTok basi umeruhusiwa kwa kila mtu na kwa kila kazi. Sivyo. Maktaba kubwa yenye nyimbo za wasanii mashuhuri imekatiwa leseni kwa matumizi binafsi yasiyo ya biashara. Akaunti ya biashara hupewa maktaba nyingine, ndogo, yenye muziki ulioruhusiwa kwa matangazo. Mwenye saluni anayetumia akaunti yake binafsi kupigia debe saluni hiyo, huku akichezesha wimbo unaovuma, yuko nje ya leseni hata kama programu haikumzuia, kwa maana kinachotazamwa ni kazi ambayo video inaifanya. Shule, hospitali, kanisa, benki na shirika lisilo la kiserikali vyote vijihesabu upande wa biashara. Kisa cha Ujerumani kinatosha kuonyesha kwa nini.

Hata leseni ya programu yenyewe ina mwisho. Mkataba kati ya Universal Music Group na TikTok ulipomalizika tarehe 31 Januari 2024 bila makubaliano mapya, nyimbo za kampuni hiyo ziliondolewa, na video za zamani zilizozitumia zikanyamazishwa sauti hadi pande hizo mbili zilipoelewana miezi kadhaa baadaye. Kikundi ambacho kazi zake zote zimetegemea maktaba ya programu kinaweza kuamka na kukuta video zake bora zimekuwa bubu. Kwa hiyo nashauri kila kikundi kiwe na angalau baadhi ya video zilizojengwa juu ya muziki uliopatikana moja kwa moja kutoka kwa msanii, kwa karatasi.

Kuna imani tatu zinazozunguka sana ambazo zinapaswa kuachwa. Hakuna sheria inayotoa sekunde 15 za bure. Kumtaja msanii chini ya video ni adabu njema, lakini adabu si ruhusa. Na kuuongeza wimbo kasi au kuishusha sauti yake ili mashine isiutambue hakuondoi haki ya mwenye mali, bali huongeza ushahidi kwamba ulijua unachokifanya.

Omba ruhusa, na uombe kwa maandishi

Kazi ngumu ni kumpata mtu sahihi. Kwa msanii anayejisimamia, anza na barua pepe au namba ya meneja iliyo katika ukurasa wake. Kwa msanii mwenye lebo, andikia lebo. Katika muziki wetu wa Afrika Mashariki, uliza pia habari za prodyuza, kwa sababu mara nyingi biti ilitengenezwa kwa makubaliano ya mdomo na hakuna anayeweza kusema kwa uhakika rekodi ni ya nani. Ofisi za hakimiliki, yaani COSOTA kwa Tanzania Bara, COSOZA kwa Zanzibar na KECOBO kwa Kenya, zinaweza kukuelekeza pale unapokwama.

Ujumbe wa kuomba uwe na mambo yote ambayo mwenye wimbo angehitaji kuuliza, ili asilazimike kukuandikia mara tatu. Unaweza kuandika hivi:

“Habari za kazi. Sisi ni kikundi cha dansi cha watu sita. Tunaomba ruhusa ya kutumia sekunde 30 za wimbo wako, kuanzia dakika ya 1 na sekunde ya 12, katika video moja ya kutangaza duka la viatu. Video itawekwa TikTok, Instagram na YouTube kwa miezi 12 kuanzia siku itakaporushwa, na mteja atalipia matangazo ya kuisambaza. Tunaomba utufahamishe ada yako, jina litakaloandikwa kwenye video, na kama utunzi na rekodi vyote ni vyako au kuna lebo, prodyuza au mshirika mwenye sehemu yake. Ahsante.”

Kila neno hapo lina kazi. Sehemu ya wimbo imetajwa ili kusizuke ubishi baadaye kama kiitikio kilikuwemo. Mitandao imetajwa kwa majina, kwa kuwa ruhusa ya TikTok si ruhusa ya televisheni. Matangazo ya kulipia yamesemwa waziwazi, maana hapo ndipo ada hubadilika na ndipo wengi hujificha. Swali la mwisho ndilo linalokulinda zaidi: msanii akijibu kwa maandishi kwamba haki zote ni zake, umepata kauli ya kuonyesha siku prodyuza atakapojitokeza. Jibu likija kwa WhatsApp, usitegemee picha ya skrini pekee; hamisha mazungumzo yote uyahifadhi nje ya simu, pamoja na risiti ya malipo.

Kata kipande kwa hesabu ya nane

Wanenguaji huhesabu kwa nane, yaani midundo minane kwa mkupuo, na kipande cha wimbo kinapaswa kukatwa kwa hesabu hiyo hiyo, si kwa sekunde zinazoonekana kwenye skrini. Wimbo wenye midundo 120 kwa dakika hutumia sekunde 4 kamili kwa kila nane, kwa hiyo nane nne ni sekunde 16. Ukikata kwenye sekunde ya 15 kwa sababu tu namba hiyo imezoeleka, unakata midundo miwili ya mwisho, na video ikijirudia mtazamaji huhisi mguu umeteleza hata kama hajui sababu. Singeli, ambayo hupita midundo 200 kwa dakika, inahitaji uamuzi mwingine: ukihesabu kila mdundo, nane inakwisha kwa sekunde mbili na nusu au chini, na mtu wa kawaida hawezi kuifuata. Wacheza singeli wazuri huweka miguu kwenye mdundo wa kasi na mabega kwenye nusu yake. Kama unataka watu wengine waige, jenga mtindo juu ya nusu hiyo.

Kuigwa kwa urahisi ndiko kulikoivusha “Jerusalema” mipaka. Kikundi cha Angola, Fenómenos do Semba, kilijirekodi Februari 2020 kikicheza huku wachezaji wameshika sahani zao za chakula, kwa hatua za miguu zinazorudiwa na kugeukia pande nne, na mikono haina kazi kubwa. Mzee anaweza, mtoto anaweza, na watu mia wanaweza kucheza pamoja bila mwalimu kusimama mbele.

Wakati wa kurekodi, piga wimbo kwa spika iliyounganishwa kwa waya ukiweza. Spika ya Bluetooth huchelewesha sauti kidogo, na ucheleweshaji huo huonekana wazi kwenye makofi na kwenye kisigino kinapogonga sakafu. Mchezaji mmoja apige kofi moja mbele ya kamera kabla wimbo haujaanza. Kofi hilo litakusaidia kulinganisha picha na sauti safi wakati wa kuhariri. Hariri ukiwa na wimbo chini ya picha ili uone kila hatua inapoangukia. Lakini kama unategemea leseni ya programu, toa video ya mwisho bila wimbo, ipakie, kisha uchague wimbo ule ule ndani ya maktaba ya programu na kuusogeza hadi hatua zikae sawa. Ukipakia video ikiwa tayari na wimbo ndani yake, programu huichukulia kuwa sauti yako mwenyewe, na leseni ya maktaba haikufikii.

Dansi nayo ina mwenyewe

Mwaka 2019 msichana wa miaka 14 kutoka kitongoji cha Atlanta, Jalaiah Harmon, alitunga mtindo wa Renegade. Ulichezwa na mamilioni, watu wengine wakapata umaarufu na mikataba, na jina lake halikutajwa hadi Februari 2020 gazeti la New York Times lilipoandika habari zake. Tangu hapo desturi ya kumtaja mtunzi wa dansi katika maelezo ya video imekua, na naiona kuwa wajibu kamili. Weka jina la mtunzi mstari wa kwanza, kabla ya alama za reli (#), mahali ambapo halifichwi na kitufe cha kusoma zaidi.

Gemu zilifikisha jambo hili mahakamani. Fortnite ya kampuni ya Epic Games huuza miondoko ya dansi ambayo mhusika wa mchezaji huicheza, na kuanzia Desemba 2018 watu kadhaa waliishtaki, miongoni mwao rapa 2 Milly na mwigizaji Alfonso Ribeiro. Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilikataa kuisajili dansi ya Ribeiro, ikiiona kuwa miondoko michache tu. Machi 2019 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua, katika shauri lisilohusu dansi kabisa, kwamba kazi lazima iwe imesajiliwa kabla ya mwenyewe kushtaki, na kesi hizo zikaondolewa. Mtunzi wa dansi Kyle Hanagami alikuja akiwa amejiandaa vizuri zaidi: alikuwa amesajili utunzi wake mzima wa dansi ya wimbo wa Charlie Puth, na akadai kwamba Fortnite ilichukua sehemu yake. Mahakama ya kwanza ilimkatalia, lakini Novemba 2023 mahakama ya rufaa ilisema kwamba unenguaji haupimwi kwa mikao iliyotenganishwa mmoja mmoja, bali hutazamwa pia mpangilio, muda na mtiririko wake, na shauri likarudishwa. Baadaye pande zote zilielewana.

Kwa mtunzi wa dansi hapa kwetu, hatua za kuchukua ziko wazi. Rekodi utunzi mzima kuanzia mwanzo hadi mwisho, mbele ya kamera iliyotulia, mwili wote ukionekana, badala ya kuhifadhi kipande kile cha sekunde kumi kinachopendwa peke yake. Andika tarehe na majina ya waliochangia. Mkataba wa Berne unalinda kazi za unenguaji bila kudai usajili, lakini kuisajili au kuiandikisha katika ofisi ya hakimiliki kunakupa ushahidi ambao mdomo hauwezi kuutoa.

Kwa anayerusha gemu na anayezitungia muziki

Kununua gemu kunakupa haki ya kuicheza. Hakukupi haki ya kuurusha hadharani kila wimbo uliomo. Tenganisha muziki uliotungwa kwa ajili ya gemu yenyewe, ambao kampuni nyingi huuachia urushwe pamoja na mchezo kwa masharti yao, na nyimbo za wasanii zilizokatiwa leseni. Gemu za dansi kama Just Dance ya Ubisoft, iliyoanza mwaka 2009 na ambayo toleo lake la 2022 lina “Jerusalema”, zimejaa nyimbo za aina ya pili, kwa hiyo tarajia madai kwenye karibu kila video. Fortnite na Cyberpunk 2077 zina mpangilio wa kuzima nyimbo hizo; uutafute kwenye sehemu ya sauti kabla hujaanza kurusha. Mwaka 2020 warushaji wengi wa Twitch, mtandao wa kurushia gemu mubashara, walipata notisi za hakimiliki kwa ajili ya rekodi zao za zamani, si kwa walichokirusha mubashara siku ile, kwa hiyo katika programu ya kurushia weka sauti yako, sauti ya gemu na muziki wa nyuma katika njia tofauti, ili rekodi inayobaki iwe bila muziki.

Prodyuza anayeombwa wimbo kwa ajili ya gemu aulize kwanza habari ya muda. Leseni za baadhi ya nyimbo za Grand Theft Auto IV, gemu ya mwaka 2008, zilipofika mwisho mwaka 2018, nyimbo hizo ziliondolewa hata kwa walioinunua zamani, na redio yake ya muziki wa Kirusi, Vladivostok FM, iliathirika kuliko nyingine. Gemu nyingine, Alan Wake, iliondolewa kabisa sokoni Mei 2017 kwa sababu hiyo hiyo, ikarudi mwaka uliofuata baada ya leseni kupatikana upya. Ukitoa leseni ya miaka michache, sema hivyo na upange bei ya kuihuisha. Ukitoa kwa uhai wote wa gemu, bei iwe ya uhai wote. Taja pia kama ruhusa inahusu matangazo ya gemu, matoleo yatakayofuata na albamu ya muziki wake, kwa maana hizo ni kazi tofauti zinazostahili malipo tofauti.

Notisi ikifika

Soma kwanza ni ya aina gani. Kwenye YouTube, dai la Content ID, yaani mfumo wa YouTube unaotambua nyimbo wenyewe, kwa kawaida humpa mwenye wimbo mapato ya video, au humwezesha kuifungia au kufuatilia tu inavyotazamwa, na haliharibu akaunti yako. Onyo la hakimiliki ni zito zaidi: maonyo matatu ndani ya siku 90 yanaweza kufunga akaunti, na kuifuta video hakuondoi onyo. Kama unayo ruhusa, pinga dai kwa kuambatanisha maelezo ya karatasi yako, ukimtaja aliyekuruhusu na tarehe. Mdai ana siku 30 za kujibu, na asipojibu dai huondoka. Wakati huo huo mwandikie msanii aliyekuruhusu, kwa kuwa mara nyingi dai limetumwa na msambazaji wake asiyejua makubaliano yenu, na yeye anaweza kuliondoa siku hiyo hiyo. Kama huna karatasi, badilisha sauti kwa zana iliyomo ndani ya YouTube au ukubali dai. Usijaze notisi ya kupinga onyo kwa kubahatisha, kwa sababu hiyo ni kauli ya kisheria inayobeba jina na anwani yako halisi, na humfikia mdai kama ulivyoiandika.